Karakana ya Wasomaji: Boti Ndogo za Umeme, kutoka Propela hadi Chumvi

Kwa miezi kadhaa sasa barua zinazofika kwenye safu hii kuhusu boti ndogo za umeme zinazoendeshwa kwa rimoti zimekuwa nyingi kuliko za jambo lingine lolote, na kwa kuwa maswali mengi yanafanana, tumeona tuyajibu kwa pamoja. Barua zimefupishwa na majina yameachwa. Msomaji mgeni akumbuke maneno machache tu: omo ni mbele ya chombo na tezi ni nyuma yake; kidhibiti mwendo ni kile kisanduku kilicho kati ya betri na mota, kinachopima umeme unaopita kulingana na kidole chako kwenye rimoti; kipokezi ndicho kinachosikia rimoti; sevo ni mota ndogo yenye mkono, inayogeuza usukani; shafti ndiyo inayopeleka mzunguko wa mota hadi kwenye propela; LiPo ni aina ya betri ya lithiamu; na mAh ni kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri, mAh 1,000 zikiwa ampea-saa moja.

Shikamoo Fundi. Nimenunua kwa mtu boti ya mbio yenye urefu wa sentimita 70. Ina mota isiyo na brashi iliyoandikwa 2000 KV, kidhibiti mwendo cha ampea 60 kinachopozwa kwa maji, na betri ya LiPo ya seli tatu, mAh 5,000. Propela yake ilikuwa ya milimita 40, nami nikaweka ya 45 ili ikimbie zaidi. Ilikimbia kweli, lakini baada ya dakika mbili ilizimika, na nilipofungua kifuniko nilinusa harufu ya plastiki iliyoungua. Mota ilikuwa haishikiki. Je, mota ni mbovu au betri haitoshi? — Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu. Mota yako si mbovu, na betri haina kosa. Kilichobadilika ni propela, na hapo ndipo pa kuanzia kila mara boti ya umeme inapopata joto, kwa sababu kiasi cha umeme kinachotoka kwenye betri huamuliwa zaidi na maji ambayo propela inalazimishwa kuyasukuma kuliko na maandishi yaliyo juu ya mota.

Tupige hesabu. Namba 2000 KV maana yake ni kwamba mota isiyo na mzigo huzunguka mara 2,000 kwa dakika kwa kila volti moja inayopewa. Betri ya seli tatu huhesabiwa kuwa na volti 11.1, kwa hiyo tunapata mizunguko 22,200 kwa dakika, kasi ya kawaida kabisa kwa boti ya mbio. Sasa, kwa kasi ileile ya mzunguko, nguvu inayohitajiwa na propela hukua kwa kipeo cha tano cha kipenyo chake. Gawanya 45 kwa 40 upate 1.125, kisha utafute kipeo cha tano cha namba hiyo: jibu ni 1.8. Milimita tano, ambazo hazifiki unene wa penseli, zimeidai mota yako nguvu zaidi kwa asilimia 80. Ni kweli kwamba mota ikielemewa hupunguza kasi, hivyo deni lenyewe huwa pungufu kidogo ya hapo, lakini si kwa kiasi cha kukuokoa. Mtego unaofanana na huu ni kuongeza seli za betri bila kugusa propela. Nguvu hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi ya mzunguko, na kutoka seli tatu kwenda nne ni karibu mara 2.4. Anayeongeza volti hana budi apunguze propela au atafute mota yenye KV ndogo.

Rudisha propela ya milimita 40, kisha upime. Wenye uwezo hununua mita ya wati. Asiye nayo anayo chaja. Jaza betri kabisa, endesha boti kwa kasi yote kwa dakika mbili kamili ukitazama saa, irudishe nchi kavu, iache betri ipoe, uijaze tena na kusoma kwenye chaja ni mAh ngapi zimerudi. Zikirudi 2,000, umetumia ampea-saa 2 ndani ya sehemu ya 30 ya saa, yaani wastani wa ampea 60, na kidhibiti chako hakina pumzi iliyobaki. Kwa maoni yangu, kidhibiti cha ampea 60 kisibebeshwe wastani unaozidi 40, ambao kwa kipimo hiki ni mAh 1,300 hivi kwa dakika mbili. Watu wa dukani watakwambia namba ya kwenye kibandiko inatosha. Namba hiyo hupimwa katika upepo mzuri wa maabara, si ndani ya boti iliyozibwa kwa utepe chini ya jua la Tanga.

Propela ikisharekebishwa, kagua shafti. Chomoa betri, shika kiungo kinachounganisha mota na shafti, ukizungushe kwa vidole viwili. Kinatakiwa kuzunguka kwa uzito uleule duara zima. Ukihisi mahali kinapokaza na mahali kinapolegea, mota na bomba la shafti havimo katika mstari mmoja, na kila mzunguko unakula umeme kwa kujipinda tu. Legeza skrubu za mota, uweke karatasi nyembamba chini ya upande ulio chini, ukaze tena, na urudie hadi kidole kisihisi kitu. Boti nyingi za mbio hutumia shafti ya waya uliosokotwa, na waya huo ukibeba mzigo hujikaza na kufupika. Kwa hiyo acha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya kitovu kinachoshikilia propela na mhimili ulio mbele yake. Asiyeacha nafasi hiyo huona vyuma viwili vikisagana nyuma na kulaumu mota iliyo mbele.

La mwisho ni maji ya kupozea. Kabla ya kila safari mimi huweka mdomo kwenye tundu la kuingizia maji na kupuliza, nikiwa nimeweka kidole kwenye tundu la kutokea. Pumzi isipofika kwenye kidole, boti haiingii majini. Zoea hilo nililipata kwa gharama, baada ya kuunguza kidhibiti kizima kwa sababu mpira wa maji ulikuwa umejikunja chini ya betri niliyoibana mwenyewe asubuhi ile. Boti ikiwa mwendoni, angalia pembeni kama mchirizi unatoka. Ukikatika, rudi.

Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu. Ninaunda mfano wa MV Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, kwa kipimo cha 1 kwa 100, kwa mbao nyembamba na kadibodi, nami nataka utembee kwa umeme. Kijana mmoja ameniletea mota ya boti ya mbio na kusema inafaa. Je, inafaa? Na nitajuaje uzito unaotakiwa? — Msomaji, Kigoma

Mwalimu, mrudishie kijana mota yake kwa shukrani. Mfano wa meli unatakiwa kwenda kama meli, na kwa hilo ipo kanuni: kasi ya mfano hupatikana kwa kugawanya kasi ya meli kwa kipeuo cha pili cha kipimo, maana yake namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa kipimo hicho. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Ikiwa meli inakwenda noti 10, mfano wako utapendeza ukienda noti moja, yaani nusu mita kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea akiwaza. Mota ya mbio ingekuinulia omo hadi sitaha ya juu.

Uzito nao hupungua kwa namna yake. Urefu hugawanywa kwa 100, lakini ujazo wa maji yanayosukumwa hugawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa milioni moja. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi, kwa hiyo mfano wako una sentimita 71. Na kila tani ya meli inakuwa gramu moja. Kwa meli ya tani zipatazo 1,500, mfano mzima, pamoja na mota, betri, rangi na bendera, usizidi kilo moja na nusu, la sivyo mstari wa maji utazama. Hicho ni kiasi kidogo sana, na waundaji wengi hukimaliza kwenye vyumba vya juu kabla hawajafika kwenye betri. Kila gramu unayoweza kuiondoa juu ya sitaha iondoe bila huruma, uirudishe chini kabisa kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo, kama farumi, yaani uzito wa kukituliza.

Ningekushauri utumie mota mbili ndogo za brashi zilizotengenezwa kwa volti 12, uzilishe volti 6 tu. Zitazunguka polepole, zitakuwa kimya, na kwa kuwa meli yenyewe ina propela mbili, utaweza kuzizungusha kwa kupingana ili moja isiuvute mfano upande. Umeme utoke kwenye betri ya asidi iliyozibwa ya volti 6 na ampea-saa 4, ile inayokaa ndani ya taa za dharura. Ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, ambao kwenye boti ya mbio ungekuwa balaa, lakini kwako ni farumi inayotoa umeme. Mota zote mbili zikila ampea moja kwa pamoja, utatembea saa tatu bila wasiwasi. Angalizo moja: betri ya asidi huharibika ikiachwa bila chaji, kwa hiyo ijaze siku ileile unaporudi nyumbani.

Bomba la shafti lijazwe grisi, na mdomo wake wa ndani uwe juu ya mstari wa maji, ili hata grisi ikiisha maji yasipande yakaingia ngamani, ndani ya tumbo la chombo. Maji kidogo yanayotembea ndani ya chombo chenye tumbo pana ni hatari kuliko yanavyoonekana, kwa sababu mfano ukilala upande nayo hukimbilia upande huohuo na kuusukuma zaidi. Gawa ngama kwa vipande viwili au vitatu vya mbao. Kisha jaribu kwenye beseni kubwa: laza mfano kwa kidole hadi nyuzi 30 hivi, uuachie. Ukirudi upesi, umefaulu. Ukisitasita kabla ya kurudi, farumi bado iko juu.

Kuhusu grisi huhitaji mwalimu mwingine zaidi ya meli yenyewe. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, lakini mafundi wao waliipaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Na uchague siku. Kiwimbi cha sentimita 10 kinachogonga gati, kwa kipimo chako, ni wimbi la mita 10. Nenda alfajiri, upepo haujaamka.

Assalaam aleikum. Boti yangu ina mota ya brashi na rimoti ya 2.4 GHz. Nikiongeza mwendo, usukani hutetemeka, na ikifika kama mita 50 haisikii kabisa, huendelea mbele peke yake hadi igonge kitu. Rimoti ni mpya. — Msomaji, Mombasa

Wa aleikum salaam. Hapa yako magonjwa mawili, na la hatari si la kutetemeka.

Kutetemeka huja na mwendo kwa sababu brashi za mota hurusha cheche ndogo zisizoonekana, na cheche hizo ni redio pia, yenye kelele. Tafuta kapasita tatu za kauri zenye namba 104. Moja iunganishe kati ya vituo viwili vya mota, na zilizobaki kila moja itoke kwenye kituo hadi kwenye ganda la chuma la mota. Likwangue ganda kwa msasa kwanza, kwani risasi ya kuchomelea haishiki juu ya chuma chenye mafuta. Waya za mota zisokote pamoja, na kipokezi ukiweke mbali nazo kadiri boti inavyoruhusu. Kama bado inatetemeka, pima volti zinazofika kwenye kipokezi wakati sevo inafanya kazi, maana kidhibiti cha bei nafuu huweza kushindwa kuilisha sevo na kipokezi kwa pamoja, na kipokezi kikakosa umeme kwa nukta moja na kuanza upya.

Kutosikia kwa mbali nako huenda kunatokana na antena. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti kwenye maji, na mara nyingi nimefungua boti nikakuta antena imekunjwa chini kabisa, pembeni ya betri, yaani chini ya uso wa bahari. Sehemu inayosikia ni ile ncha iliyovuliwa ganda, yenye urefu wa sentimita 3 hivi, nayo ndiyo ya kutunzwa: ipitishe kwenye mrija wa soda uliosimama wima juu ya sitaha, uzibe juu kwa tone la gundi. Kipokezi chenye antena mbili, moja isimame na nyingine ilale. Wewe nawe simama wima, usichuchumae kwenye ukingo, na usiielekeze ncha ya antena ya rimoti moja kwa moja kwenye boti kama anayelenga kwa bunduki, kwa kuwa huko kwenye ncha ndiko mawimbi yaliko hafifu.

Sasa hilo la kwenda peke yake. Rimoti nyingi za 2.4 GHz zina mpango wa dharura unaoamua boti ifanye nini ikikosa mawasiliano, na mpango huo usipowekwa baadhi ya vipokezi hushikilia amri ya mwisho. Soma kijitabu, uweke mota izime na usukani ukae katikati au uelekee kidogo upande mmoja. Kisha ujaribu boti ikiwa imeinuliwa juu ya stuli, propela imetolewa: ongeza mwendo, zima rimoti, uone. Mota isiposimama, usiende baharini. Katika siku za kawaida mpangilio ni wa kinyume: rimoti huwashwa kwanza kabla ya boti, na huzimwa mwisho.

Nikola Tesla alipoonyesha boti yake ndogo ya betri iliyotii redio pale Madison Square Garden, New York, mwaka 1898, aliifanyia maonyesho kwenye bwawa la ndani lenye kuta. Wewe una Bahari ya Hindi mbele yako na boti isiyo na mpango wa dharura.

Ndugu Fundi, ninaendesha boti baharini karibu kila Jumapili. Nikirudi naifuta kwa kitambaa. Baada ya miezi mitatu shafti imeshika, skrubu zimeota unga mweupe, na mota inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nakosea wapi? — Msomaji, Unguja

Kitambaa hufuta maji, chumvi inabaki. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi yapata gramu 35, na maji yakikauka ndani ya bomba la shafti chumvi hiyo haiendi popote. Boti ya bahari hufa kati ya saa ya kutolewa majini na asubuhi inayofuata.

Fanya hivi kabla hujabadilisha nguo. Chomoa betri. Mimina maji baridi ya bomba juu ya boti yote, ukiweka mkono chini ya usukani na mhimili wa propela ambako mchanga hukaa. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mwembamba, uisukume kwenye tundu la maji ya kupozea, uminye hadi maji yatokayo upande wa pili yasiwe na ladha ya chumvi. Ndiyo, onja tone moja kwa ulimi, hakuna kipimo cha haraka kuliko hicho. Kisha puliza yatoke yote.

Shafti itoe kabisa. Watu wengi huipaka grisi kwa nje tu, kwa sababu kuitoa kunahitaji kulegeza skrubu mbili, na hizo skrubu mbili ndizo zilizokuponza. Utakapoivuta utaona grisi ya juzi imegeuka rangi ya maziwa ya chai: hayo ni maji yaliyochanganyika nayo. Ifute hadi waya ung'ae, pitisha kitambaa kilichofungwa kwenye waya mwembamba ndani ya bomba, uangalie kama waya wa shafti una uzi uliokatika, kwa kuwa shafti iliyoanza kukatika haitengenezwi, hubadilishwa. Paka grisi mpya isiyoyeyuka majini, uirudishe huku ukiizungusha ili grisi iingie kila mahali. Grisi ya beringi za gari hufaa kwa dharura, ila ni nzito na itakuibia kasi.

Mota iliyo na kelele ina beringi zilizooza. Suuza, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa mhimili, uizungushe kwa mkono. Kelele isipopungua, badilisha beringi. Kwa mota ya brashi jihadhari mafuta yasifike kwenye brashi zenyewe. Unga mweupe unaouona kwenye skrubu hutokea pale chuma kisichoshika kutu kinapokutana na alumini ndani ya maji ya chumvi, ambapo alumini ndiyo huliwa. Kila skrubu itolewe mara moja kwa mwezi, ipakwe grisi, irudishwe.

Kifuniko kiache wazi usiku kucha, kivulini. Boti iliyofungwa ikiwa na unyevu ndani hutokwa na jasho kama sufuria yenye mfuniko. Kipokezi kivike puto, uweke na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Na siku bahari itakapoingia hadi kwenye kipokezi, kisuuze kwa maji baridi hichohicho kilicholowa, ujapokuwa moyo wako unakataa. Chumvi ikikaukia kwenye saketi ndiyo inayokiua. Kikauke siku mbili ndipo ukiwashe.

Betri yangu ya LiPo imevimba kidogo. Bado inashika chaji. Naweza kuendelea nayo? — Msomaji, Arusha

Hapana. Iliyovimba ina gesi ndani, na hairudi. Itoe chaji yote kwa kuiwashia balbu ndogo ya gari, mahali pa wazi penye mchanga au saruji, hadi iwe imekufa kabisa, uzibe vituo vyake kwa utepe, na uipeleke kunakopokewa taka za umeme.

Inayofuata itunze kwa namba hizi. Seli moja iliyojaa ni volti 4.2; acha kuendesha ikifika 3.5, na isishuke kamwe chini ya 3.0. Usipoitumia kwa zaidi ya siku mbili, iweke kwenye 3.8 kwa kila seli, kwa sababu LiPo iliyohifadhiwa ikiwa imejaa huzeeka haraka, kinyume kabisa na betri ya asidi ya Mwalimu wa Kigoma. Chaja iwe ya kusawazisha seli, na betri ya mAh 5,000 ichajiwe kwa ampea 5, si zaidi, baada ya kupoa. Usiichaji ukiwa umelala, wala usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Nafanya kazi Muscat na nataka kumletea mdogo wangu wa Pemba boti yenye betri mbili za LiPo za volti 11.1, mAh 5,000. Ndege itakubali? — Msomaji, Oman

Zidisha volti kwa ampea-saa: 11.1 kwa 5 ni wati-saa 55.5 kwa kila betri. Kanuni za usafiri wa anga huruhusu kwa abiria betri za lithiamu zisizozidi wati-saa 100 kila moja. Betri zilizochomolewa kwenye kifaa lazima zisafiri nawe kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Ziba kila kituo kwa utepe, kila betri iwe kwenye mfuko wake, chaji iwe ile ya kuhifadhia. Boti yenyewe, bila betri, inaweza kwenda na mizigo. Mashirika mengine huwa na masharti makali zaidi, kwa hiyo waulize kabla ya kukata tiketi, usiulizie kwenye foleni.

Fundi, huku kwetu ziwani magugu maji yamesokota propela na boti imesimama kama mita 40 kutoka ukingoni. Wadogo zangu wanataka kuogelea kuifuata. Nimewazuia kwanza nikuulize. — Msomaji wa kike, Mwanza

Umefanya vyema, dada. Jibu langu litakuwa limechelewa kwa boti hiyo, lakini si kwa inayofuata. Wasiogelee. Konokono wanaobeba kichocho hupenda hasa kingo zenye majani, na katika sehemu nyingi za Ziwa Victoria mamba na kiboko si hadithi. Isitoshe, boti iliyosimama kwa ghafla inaweza kuwa bado ina amri ya mwendo, na propela yake ni kisu.

Jambo la kwanza ni kuachia kidole mara moja. Mota iliyokamatwa na majani huku ikilishwa umeme huungua ndani ya sekunde chache. Jaribu kurudisha nyuma mara moja au mbili kwa mwendo mdogo, kama kidhibiti chako kina kurudi. Mara nyingine majani hujifungua yenyewe. Yasipojifungua, subiri. Upepo wa ziwa hugeuka, na boti inayoelea italetwa ukingoni, mradi inaelea kweli. Ndiyo maana ndani ya omo na pembeni mwa betri panatakiwa kujazwa vipande vya sponji ngumu isiyonywa maji. Boti yenye uzito wa kilo 2 ikiwa na lita 2 za sponji hiyo haitazama hata kifuniko kikifunguka, na sponji yenyewe haina uzito wa kusumbua.

Kila ninapokwenda ziwani hubeba mshipi wa kuvulia wa mita 60 uliofungwa ndara kuukuu kwenye ncha, na jiwe dogo lililoshonewa ndani ya ndara ili irushike mbali lakini ibaki ikielea. Rusha ipite nyuma ya boti, si juu yake. Kisha tembea ukingoni hadi mshipi ulale juu ya maji ukikatisha tezi, uvute taratibu, kwa mkono mmoja baada ya mwingine, hadi mshipi unase kwenye usukani. Ikikosa, vuta uanze upya. Mara ya tatu au ya nne hunasa. Boti ikifika, chomoa betri kwanza, ndipo uingize vidole kwenye propela na kuanza kukata majani.